Nasikia kwa Pua

Nyumbani, juu ya duka la rangi,
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, wadogo kwa wakubwa. U hali gani huko? Mgongo wako je, ule uliokuwa ukikulilia kwa kukaa kwenye usukani kutwa? Unakula chakula cha maana au bado unaishi kwa mkate na soda? Tafadhali usinijibu "mzima" kwa mazoea tu, kama mtu anayejibu hodi. Safari hii nauliza kwa sababu, na sababu yenyewe utaiona mbele.

Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote, ashukuriwe Mungu. Mimi bado niko chekechea. Mwaka huu nimepewa darasa la wanaolia, na kuna mmoja anauma. Ameniuma mkono, amemuuma mkuu wa shule, na juzi kamuuma fundi aliyekuja kurekebisha bembea. Basi ukinisikia humu nasema kwa ukali kidogo, ujue ni kazi imenizoesha.

Barua hii anakuletea yule dereva mwenzako mwenye upara aliyekuja likizo. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ya nyumba hii unaijua mwenyewe: Mama anaiweka spika, Mjomba anajibu kabla hajaulizwa, na wewe ukichukizwa unakata. Barua haikatiki. Hata ukiichana utakuwa umeshasoma nusu yake.

Sasa nianze na kubwa. Mara ya mwisho ulipopiga, Mjomba alikueleza habari za mdogo wetu Kifungo, nawe ukasema, "Mpelekeni kwa Mtaalamu, mimi ndiye mkubwa, nimesema." Neno lako hilo limesimama katikati ya sebule kama kabati, kila mtu analizunguka. Mjomba ameshapanga gari la kumpeleka kwa huyo mganga. Nimembembeleza, na baada ya kununa sana amekubali kungoja mpaka mwisho wa mwezi, ila kwa sharti moja: wewe mwenyewe utengue ulilosema. Mimi kwake ni mtoto wa kike mwenye kelele. Nakuomba ulitengue, Kaka, na nitakueleza kwa nini.

(Ndiyo simu ile ile uliyoniuliza tunachoma nywele za nani huku, nikakucheka kwamba siku hizi simu zinapeleka na harufu.)

Wewe uliondoka kabla mambo ya mdogo wetu hayajachacha, na unayoyajua ni ya kusimuliwa na Mjomba, ambaye chumvi haimwishi. Hebu nikupe yaliyo yangu. Kifungo anakuwa kwenye cherehani, anashona vizuri tu, anapiga soga. Ghafla mguu unasimama kwenye pedali. Anasema, "Nasikia kitambaa kinaungua." Halafu anakodoa macho, na ukimwita haitiki. Mdomo unatafuna kitu kisichokuwepo, vidole vinachokonoa vifungo vya gauni lake, kimoja baada ya kingine. Haichukui muda. Akirudi anauliza, "Tulikuwa tunasema nini vile?" Na siku nzima iliyobaki amechoka kama aliyebeba magunia.

Mwanzoni tulikuwa tunakimbilia pasi. Fundi akisema kitambaa kinaungua, wewe utafanya nini? Unakimbilia pasi. Tunaikuta baridi, hata waya haujachomekwa. Tukaanza kuangaliana.

Kilichomharibia kazi ni siku alipokuwa akimpima mteja, yule mama wa duka la vioo. Hali ikamjia akiwa ameshika utepe shingoni mwa mwenzake. Akaganda hapo hapo, macho yamemtoka, utepe mkononi. Yule mama alitoka mbio na gauni la kupimia limejaa pini. Kufika jioni mtaa mzima unasema Kifungo alikuwa anampima sanda. Wallahi Kaka, ningecheka kama isingekuwa ni mdogo wangu. Wateja wakakatika. Mjomba akachukua ufunguo wa kibanda chake cha kushonea, akasema ni kwa usalama wake.

Ndipo methali zikaanza. Mjomba akija hapa, hata kiti hajakalia, anasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," anamaanisha mchawi ni mtu wa karibu. Siku moja Kifungo akamjibu, "Nguo nashona mimi, Mjomba. Kingekuwamo ningekiona." Alisema kwa heshima zote, macho chini, lakini Mjomba hakugusa chai yake.

Mama alimpeleka kwanza zahanati ya karibu, ile yenye foleni mpaka barabarani. Akamweleza daktari, "Mwanangu anasikia vitu ambavyo sisi hatuvisikii." Daktari akauliza tangu lini anasikia. Mama akamwambia tangu mvua za mwaka juzi. Basi. Akaandikiwa vidonge vya watu wanaosikia sauti kichwani. Kaka, vile vidonge vilimkausha mdomo na kumtetemesha mikono mpaka fundi mzima akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nilimkuta ameketi kitandani na sindano na uzi, analia kimya kimya. Na kitambaa bado kinaungua, kama kawaida.

Hapo ndipo Mjomba alipomtaja Mtaalamu, na Mama akaanza kulegea. Mimi nilikwenda kupaona kwa Mtaalamu, maana siwezi kumpeleka mtu mahali nisipopajua choo chake. Mapokezi ni pazuri, kuna viti vya plastiki na maua. Nyuma kuna chumba kirefu chenye kitasa upande wa nje tu. Nikauliza dawa za hospitali mgonjwa anakuja nazo au vipi. Msaidizi akaniambia zinaachwa getini, hazichanganywi na kazi yao. Nikauliza anakaa muda gani. Akasema mpaka atakapokitoa alichonacho. Yule mdogo wetu tulimwita Kifungo kwa sababu alimeza kifungo cha shati lako la shule akiwa mchanga, na wewe ukapigwa kwa kukiacha sakafuni. Sikujua kwamba siku moja tungetaka kumpa kifungo cha aina ya pili.

Sasa sikiliza yaliyotokea katikati, ambayo Mjomba hakukueleza, au alikueleza kwa namna yake.

Mzazi wa yule mtoto wangu anayeuma ni muuguzi hospitali kubwa. Siku amekuja kuomba radhi kwa meno ya mwanawe, tukaongea, nikamweleza ya Kifungo. Akaniambia pale kwao kuna madaktari wanafanya utafiti. Wanawachunguza watu ambao majirani wamekwisha kuwaita wendawazimu, wapate kujua ni wangapi kati yao wana ugonjwa wa ubongo unaoonekana kwenye vipimo. Na familia nazo zinaulizwa zinaamini nini, kwa sababu hiyo imani ndiyo inayoamua mgonjwa apelekwe wapi kwanza. Nikasema huyo ndiye mgonjwa wao, na sisi ndio familia yao.

Tukaenda watatu: mimi, Mama na Kifungo. Mjomba alikataa, akasema hawezi kwenda kuhesabiwa pamoja na vichaa. Chumba chenyewe ni kidogo, kina meza, feni inayolia, na kalenda ya mwaka uliopita. Daktari mkuu wa utafiti ni mwanamke wa makamo, mpole, na siku hiyo alikuwa na mafua makali, anapiga chafya kila akitaka kusema jambo la maana.

Kabla ya lolote alimgeukia Kifungo, si Mama wala mimi. Akamweleza utafiti ni wa nini, watamfanyia nini, na kwamba anaweza kukataa sasa au kesho na bado atatibiwa. Halafu akamwomba ayarudie yale kwa maneno yake mwenyewe, ahakikishe ameelewa. Kifungo akayarudia yote, akaongeza na moja ambalo daktari alisahau. Akaulizwa, "Unakubali?" Kaka, alikaa kimya mpaka nikadhani imemjia hali yake. Kumbe alikuwa anafikiri. Tangu mambo haya yaanze hakuna mtu, hata mimi, aliyewahi kumuuliza kama anakubali. Akasema ndiyo, akaweka sahihi yake kubwa ile yenye mkia.

Kisha akaja msichana mhoji na kishikwambi chake, mchangamfu, amejipulizia marashi ya kutosha harusi mbili. Akaanza na Mama, na maswali yakawa yanaenda vizuri mpaka akafika hapa: "Je, mgonjwa husikia vitu ambavyo wengine hawavisikii?" Mama akasema anasikia, tena sana. Msichana akabonyeza. Akanigeukia mimi, nikasema ni kweli anasikia. Akabonyeza. Sasa akamgeukia Kifungo kwa sauti ya upole, ile tunayowasemesha nayo watoto siku ya kwanza.

"Dada, hizo sauti zinakwambia nini?"

"Sauti zipi?"

"Hizo unazosikia."

"Nani kasema nasikia sauti? Mimi nasikia kitambaa kinaungua. Kitambaa kikiungua kinasema nini?" Hapo Kifungo alikuwa ameshachoka na dunia nzima. Akajishika pua. "Nasikia kwa pua, mwanangu! Kama ninavyosikia marashi yako hapa nilipo!"

Msichana akatazama kishikwambi, akamtazama Mama. Mama akasema, "Si ndivyo tulivyosema? Anasikia." Msichana akasema, "Mlisema anasikia." Mama akasema, "Ehe, anasikia!" Nikaona tutalala hapo.

Unaona, Kaka? Sisi tunasikia baridi, tunasikia njaa, tunasikia harufu, tunasikia uchungu, na redio nayo tunaisikia. Nyumbani hatukukosea kitu. Kila mtu alijua Kifungo anazungumzia harufu, ndiyo maana tulikuwa tukikimbilia pasi. Lakini neno lilipotoka mlangoni likawa limeacha pua nyumbani na kwenda na masikio tu. Zahanati walisikia masikio. Mjomba akasikia masikio, akaweka na jini wa kusema. Na Mama, kwa kuulizwa kila siku sauti zinasema nini, mwishoni akaanza kuamini kwamba zipo, ila mwanawe anamficha.

Msichana alikwenda kumwita daktari. Daktari akaja na leso yake, akasimuliwa, akaketi. Akakiri pale pale kwamba maswali yale yalitungwa kwa lugha nyingine na kutafsiriwa ofisini, na pua haikumjia mtu. Akamwambia Kifungo aeleze upya tangu mwanzo. Inaanza vipi, inanukaje, anajua kuwa inakuja au inamkuta? Kifungo akaeleza kwamba ni pamba na nailoni vimeungua pamoja, na kwamba tumbo hupanda juu kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Daktari akamsikiliza huku anapenga kamasi, akasema kwa bahati mbaya leo yeye mwenyewe hasikii hata dawa ya kusafishia sakafu. Hata Mama alicheka.

Wakamfanyia kipimo cha umeme wa ubongo. Ilibidi afumue nywele, akabandikwa nyaya kichwa kizima. Kifungo akasema sasa naye amejua gauni linajisikiaje likitiwa pini. Mistari ikawa inatembea kwenye kioo cha mashine, mingi, myembamba. Sisi tuliruhusiwa kukaa pembeni. Basi alipokuwa amelala pale, akasema taratibu, "Nasikia kitambaa." Na mistari ya upande mmoja ikachafuka, ikapanda na kushuka kwa ncha, kama mshono wa cherehani iliyoharibika. Vidole vyake vikaanza kutafuta vifungo. Mama akasimama.

Akauliza, "Hilo ndilo jini lenyewe?"

Fundi wa mashine akamjibu, "Hilo ni umeme, mama."

"Umeme wa nani? Nani kautuma?"

Yule kijana akarudi kwenye nyaya zake. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, halafu nasikia vibaya, maana Mama hakuwa anatania. Kwake yeye kitu kikubwa namna ile lazima kina mwenyewe.

Daktari hakumcheka. Alimkalisha, akamuuliza yeye anaamini ni nini, na Mama akamwaga yote: ugomvi wa kiwanja, yule jirani wa zamani, ndoto zake. Daktari akaandika bila kukunja uso. Kisha akasema ugonjwa wa mwanawe ni kifafa, aina yake ni ya sehemu moja tu ya ubongo, na sehemu ile ndiyo inayohusika na harufu. Si wazimu, na hauna sauti.

Kaka, nilidhani Mama atafurahi. Alilia kuliko siku zote. Akasema heri jini, jini linatoka, kifafa kinakaa. Jini ni ubaya wa mtu mwingine, kifafa ni cha nyumba yako. Nani atakula sahani moja na mwenye kifafa? Nikamwambia Kifungo hajawahi hata kuanguka, akasema ndiyo maana haiwezi kuwa hicho. Daktari akaeleza kwamba si wote wanaoanguka, na kwamba hakiambukizi kwa sahani, kwa mate wala kwa kumshika mtu. Hapo yule msichana wa marashi, bila kutumwa, akachukua kikombe cha maji alichobakisha Kifungo akanywa. Sijui kama ipo kwenye utafiti wao. Nilimpenda siku hiyo.

Dawa ameanza. Sitakudanganya kwamba amepona. Hali bado inamjia, lakini sasa inapita mbali kidogo, na mikono haitetemeki. Nilimnyang'anya Mjomba ufunguo kwa maneno, si kwa nguvu. Kifungo ameshafungua kibanda, anashona sare za shule, ila pasi anapiga mtu mwingine. Mama wa duka la vioo bado anapitia upande wa pili wa barabara. Mtaa haubadiliki kwa kidonge.

Daktari alituonya kwa jambo moja, tena aliacha hata kupiga chafya alipolisema: dawa hizi zisikatwe ghafla. Zikikatwa, hali inaweza kurudi kwa mfululizo usiokatika, na inaua. Sasa ukumbuke lile geti la Mtaalamu, dawa zinapoachwa. Ukumbuke na kile kitasa cha nje. Ndiyo maana nakuomba utengue neno lako. Mama akitaka kuomba dua na aombe, daktari mwenyewe alisema dua na dawa hazigombani. Lakini mdogo wetu asifungiwe.

Hilo ni la kwanza. La pili ndilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu, na naomba ulisome ukiwa umekaa, gari limezimwa.

Siku ile ile daktari aliuliza kama kuna mwingine katika familia anayesikia harufu ambazo hazipo, au anayezubaa akiitwa haitiki. Mama alijibu haraka kabla swali halijaisha: "Hakuna." Kifungo akanitazama. Mimi nikatazama kalenda ya mwaka jana.

Tuliporudi nyumbani Mama alikwenda moja kwa moja kulala. Kesho yake nikamkuta jikoni anaosha kikombe kile kile kimoja, anakisugua na kukisugua. Akaniambia bila kugeuka, "Na yule wa kwenye magari?" Kisha akakaa kwenye kigoda, akalia. Alisema alijibu "hakuna" kwa ajili ya leseni yako. Aliogopa ikiandikwa watakunyang'anya kazi, na kazi hiyo ndiyo uanaume wako. Yeye ndiye aliyenituma nikuandikie, Mjomba asijue.

Unakumbuka ulivyokuwa ukisimama mlangoni, umeshika kitasa, unakizungusha na kukizungusha, tunakuita huitiki? Tulikuita Mlinzi. Ukirudi unauliza nani anachoma nywele. Baba alikuwa akisema muacheni, huyo anawaza. Ndivyo ilivyokuwa: wewe ulipozubaa walisema unawaza, Kifungo alipozubaa wakasema ana jini. Ukazoea kuficha, na ukafanikiwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa akikutazama.

Nafikiri ndiyo maana ulisema haraka vile apelekwe kwa Mtaalamu. Ikiwa ni jini, ni la Kifungo peke yake. Ikiwa ni ubongo, inabidi na wewe ujitazame. Sikulaumu, ndugu yangu. Naogopa tu. Naogopa kila simu ikilia. Yule mwenzako mwenye upara nilimuuliza kwa mzunguko, akasema una bahati, mwaka huu gari lako limetoka nje ya barabara na wewe ukatoka bila mkwaruzo, tena hukumbuki lilitokaje. Alisimulia kama jambo la kujivunia. Mimi nilikwenda kujifungia chooni.

Daktari niliongea naye kando bila kutaja jina la mtu. Alisema mara nyingine maradhi haya hutembea kwenye familia, mara nyingine hapana, na njia ya kujua ni kupimwa. Alisema mtu wa namna hiyo asishike usukani mpaka dawa zimtulize. Wengine hurudi kuendesha, wengine hawarudi. Sitakuficha hilo la pili. Lakini kwenye yadi yenu kuna watu wanaopanga mizigo, wanaotengeneza injini, na wewe injini unaijua kuliko hao wenye maovaroli. Mtu haachwi na kazi zote kwa kuachwa na moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi sitaki uumbuliwe, na sitaki mtu mwingine awe mbele ya gari lako siku hiyo.

Nilikucheka kwenye simu kwa sababu nilidhani unatania. Ulinyamaza kidogo, ukarudi ukaniuliza habari za goti la Mama, nilizokuwa nimekwisha kukupa. Tangu siku ya kile kipimo sijacheka tena. Jikoni hapakuwa na moto, Kaka. Na simu haipeleki harufu.

Basi fanya mawili. Mpigie Mjomba, umwambie neno lako umelirudisha, Kifungo abaki na dawa zake. Halafu mwambie msimamizi wako unaumwa, uende kwenye hospitali yoyote kubwa huko, umwombe daktari wa ubongo. Ukifika usiseme "nasikia" ukaishia hapo. Sema unasikia kwa pua. Tumeshajifunza sisi kwa niaba yako.

Mama anakusalimu, anasema hajakasirika, na anasema ule. Mjomba angekusalimu kama angejua naandika. Mtoto anayeuma sikumwambia, asije akakutamani. Msalimie mwenzako wa chumbani, na umshukuru mwenye upara kwa kubeba mzigo huu bila kuujua uzito wake. Mungu akuweke, akuondolee woga kabla ya maradhi, maana woga ndio ulioanza kutuumiza. Mikono yake ikushike wewe na wote wanaopita barabara hiyo.

Ni mimi dada yako, akupendaye hata ukinuna.

Nimempa Kifungo naye aweke neno, kasema lake ni fupi:

Kaka, mimi nasikia nguo. Wewe ni nywele bado? Nilikuwa nadhani niko peke yangu.